Leseni Niliyonyimwa kwa Kumrudishia Bwana Afya Pesa Zake

Bongwe, karibu na Ukunda,
Agosti, 1957

Kwa Bwana Karani wa Leseni,
Barazani.

Bwana Karani mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na wazee wa Baraza walio hapo pamoja nawe, na kama mmeketi kula basi kuleni kwanza, barua haipoi. Mimi ni Mbeyu binti Chome, yule mama aliyeomba leseni ya mkahawa hapo Ukunda, njia panda, penye paa jipya la makuti. Kusoma kwangu ni kwa chuoni, kwa Kurani, na hizi herufi za Kizungu nimezijua ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, kwa hiyo ukiona mstari umepanda kama unakwea mnazi, usome tu hivyo hivyo.

Jibu lenu nimelipata. Mmeninyima. Bwana Afya wenu, Bwana Jefwa, ameandika kwamba pale pangu si pa biashara, ni nyumbani kwa mtu. Limeniuma hilo. Nina meza mbili, mabenchi manne, birika kubwa, na sakafu nimeipiga saruji. Nyumbani kwangu mimi sina saruji, nakanyaga udongo kama watu wengine.

Na si kiburi kinachoniandikisha. Binti yangu Mishi aliachwa na mumewe mwaka jana, amerudi kwangu. Yeye ndiye mwenye mkono wa mapishi, mimi ni wa kupakua tu. Sasa memsabu mmoja wa Diani anahamia Nakuru na anamtaka awe yaya wa watoto wake. Mishi amesema leseni ikitoka atabaki, tutafanya kazi pamoja. Isipotoka, mwisho wa mwezi anapanda gari. Nakuru, Bwana Karani! Naambiwa huko mafuta ya nazi huganda ndani ya chupa. Mtoto aliyezaliwa Bongwe atafanya nini mahali ambapo hata mafuta yameshindwa?

Basi naweka malalamiko yangu kwa hesabu, nipate haki.

1. Bwana Jefwa alikuja na baiskeli saa ya chakula, ametota jasho. Kabla hajasema neno nilimkaribisha. Akasema amekuja kukagua, si kula. Nikamwambia mtu mwenye njaa atakagua nini? Akakaa, akala mahamri na mbaazi za nazi, nikamwongeza, akala tena. Alipomaliza akaweka pesa mezani. Nikamrudishia. Akaziweka tena. Nikamtilia mfukoni mwa shati. Akazitoa, akaziacha juu ya benchi, akapanda baiskeli akaenda zake. Nikamfuata mbio na pesa mkononi, leso imenivuka kichwani, mpaka njia ya Msambweni. Watu wakadhani amekula hakulipa, wakamzomea, mmoja akamshika usukani. Naye kwa hasira akaandika kwamba mwombaji hajui kupokea pesa. Si kweli, najua. Lakini mtu ndiyo mara yake ya kwanza kufika kwako, utamlipisha vipi? Mara ya pili ningezipokea. Au ya tatu.

2. Siku hiyo hiyo, kabla hajaondoka, aliuliza wateja wangu wako wapi. Akamgeukia Kitsao, utingo wa lori la miwa, aliyekuwa anasokota sima, akamwuliza yeye ni nani hapa. Kitsao akajibu mdomo umejaa, "Mimi mwanawe." Uongo mtupu! Kitsao ni mtu wa Kaloleni, simjui kwao wala hanijui kwetu. Ila siku ya kwanza alipoingia aliniamkia shikamoo mama, nami nikaitika marahaba, nikamwuliza mamake yu hali gani, akasema mamake amefariki. Baada ya hapo, Bwana Karani, wewe ungemwambia atoe pesa? Nilimweleza Bwana Jefwa kwamba huyu ni mteja, ila ni mteja aliyefiwa. Hilo hakuliandika.

3. Tukiwa katika maneno hayo akaingia mzee Tembo. Huyu ni mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wetu wanazikana tangu enzi za mababu, na mtani akichukua chako huna ruhusa ya kununa. Akabeba sinia zima la mahamri, akayamimina kikapuni, akasema, "Mbeyu, haya ni mawe ya kujengea kisima. Nakufichia aibu kabla Serikali haijayatafuna." Bwana Jefwa akapuliza filimbi kuita askari! Ikabidi nimtetee mwizi wangu mwenyewe, nikaapa kwamba ni mimi niliyempa. Na Bwana Jefwa ni Mgiriama, utani anaujua, kwao nao wananyang'anyana kuku msibani. Lakini akivaa ile kofia ya kazi husahau.

4. Hili la nne ni la ule ubao. Mlisema bei ziandikwe ubaoni, nami nikaziandika kwa chaki, mwandiko wa kisomo. Mzee Abdurahman, mshona makuti, akasimama mbele yake kitambo, akatikisa kichwa, akaondoka. Moyo ukanipasuka, nikajua bei imemshinda. Nikaufuta ubao wote, nikamtuma Mishi amfuate na bakuli. Kumbe mzee hajui kusoma. Alikuwa anasikitika nani amechafua ubao mzuri namna ile. Alikula akashukuru, na ubao ulikuwa bado mtupu Bwana Jefwa alipofika, naye akaandika hakuna bei. Sasa hapo nimekosa wapi?

Nilitaka kuandika na la tano, la kuku aliyetaga ndani ya kabati la waya mlilosema ninunue, lakini nimeona litawapa nguvu ninyi.

Nimekaa nikafikiri, nami nimeliona kosa. Si langu. Ni la salamu. Mtu akishaniamkia, mimi nimekwisha. Kwa hiyo naomba Baraza linisaidie kwa sheria. Ipigwe marufuku Ukunda nzima mtu yeyote kuniamkia kabla hajalipa. Akishalipa, aniamkie mpaka achoke. Tena Baraza liseme kwa maandishi undugu unaishia wapi, maana huku kwetu ukimwuliza mtu maswali ya kutosha lazima atatokea kuwa wako. Watani nao watozwe ushuru wa utani, uende kwenye barabara; kwa ulaji wa Tembo lami itafika Msambweni mwaka huu huu. Na mwisho niletewe askari wa kusimama mlangoni apokee pesa badala yangu. Asiwe wa huku, na asiwe aliyefiwa na mama. Chakula chake nitatoa mimi, hatalipa.

Mkinipa haya, mtaona mimi ni mfanyabiashara kamili.

Wape salamu zangu mkeo na watoto, na wazee wa Baraza mmoja mmoja, na aliyebeba barua hii. Bwana Jefwa mwambie sina kinyongo naye, ila kile kikohozi akitazame, anywe tangawizi na asali.

Ni mimi mwombaji wenu mtiifu, ninayengoja,
Mbeyu binti Chome

Nyongeza: Bwana Karani, barua hii ililala siku moja, kwa kuwa jana nilikwenda Msambweni matangani, nikamwacha Mishi peke yake mkahawani. Nimerudi jioni nikakuta sufuria tupu na mkebe wa pesa mzito. Nimewauliza majirani. Wanasema watu waliingia, wakamsalimu, naye akawaitikia kwa tabasamu, huku mkono ameunyoosha. Kitsao alilipa. Tembo alipobeba mahamri, Mishi alimvua kofia, akaivaa yeye, akamwambia mtani naye ana watani wake, na kofia atairudisha bei ikitimia. Mzee alilipa akicheka mpaka machozi. Miaka yote hii nimesahau kwamba utani una pande mbili.

Nimemsomea Mishi barua hii. Amecheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia taratibu, "Mama, si salamu. Ni wewe." Basi yafuteni yote niliyoyaomba. Iandikeni leseni kwa jina lake, Mishi, na chini yake mpige muhuri kwamba mamake haruhusiwi kupita upande wa sufuria. Akija, aje kama mteja, na alipe kwanza. Nitalipa, Bwana Karani. Heri ninunue mbaazi za mwanangu kila asubuhi hapo Ukunda kuliko kuzipika mwenyewe, nizile peke yangu, yeye yuko Nakuru.