Kiapo cha Vinyozi wa Tuckett

Jumatatu, 1 Machi 1954
Wateja wawili leo. Wawili! Na mmoja kipara. Ng'ambo ya barabara, kwa Lajos Bodnar, foleni hadi mlangoni. Mhungari wa juzi tu, tayari ananyoa hadi mashemasi wa kanisa langu. Eti ana mkono mwepesi. Mimi, Dewey Pruitt, niliyemnyoa jenerali mzima (alikuwa amelala, lakini nilimnyoa), nikae kufukuza nzi? Redio inasema Wakomunisti wamejipenyeza kila mahali. Na Hungaria iko chini ya Moscow. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumanne, 2 Machi
Nimetunga kiapo. Kila kinyozi wa mji wetu wa Tuckett aape mbele ya karani wa baraza kwamba hajawahi kuwa Mkomunisti, wala kula, kunywa, kucheza au kukumbatiana na Mkomunisti. Asiyeweza, leseni basi! Hilo la kukumbatiana nimeliongeza kwa utamu tu. Mke wangu Verna kauliza kama nina uhakika. Nikamwambia mambo ya dunia si unga wa keki.

Alhamisi, 4 Machi
Baraza la mji limekipitisha kwa sauti moja. Nani angethubutu kupinga? Mzee mmoja alikohoa, wote wakamgeukia, akaanza kupiga makofi mbio mbio. Kesho tunaapa. Nimeomba Mhungari atangulie, nimwone akikwama.

Ijumaa, 5 Machi
Hakukwama. Ameapa kwa sauti ya kwaya, machozi yakimtoka. Kumbe Wakomunisti walimpokonya duka lake Budapest, akatoroka kwa miguu. Ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Hata mimi nilipiga makofi kidogo.

Zamu yangu. Karani, Bi Opal Gantz, akanitazama juu ya miwani. “Dewey wee, na wale Warusi wa mto Elbe?”

Lo! Mwaka wa arobaini na tano, jeshi letu la Marekani lilipokutana na la Warusi kule Ujerumani, tukiwa bado marafiki. Nilikula nao. Nilikunywa nao siku mbili. Nilicheza juu ya meza. Nilikumbatiwa na sajini mwenye meno ya chuma. Na kisa hicho nimekisimulia kwa kila kichwa kilichopita mikononi mwangu, miaka tisa! Nikasema ile ilikuwa vita. Bi Opal akasema kiapo hakina “isipokuwa”, na aliyekiandika ni mimi. Sauti ikatoka nyuma: “Tuchezee kidogo basi, Dewey!” Leseni yangu imefungiwa kwenye droo yake hadi kikao cha Jumatano. Wakinikatalia, duka kwaheri.

Jumamosi, 6 Machi
Duka la marehemu baba halijawahi kufungwa Jumamosi, miaka thelathini. Leo limefungwa. Verna amelia jikoni, akidhani simsikii. Bodnar kavuka barabara na sufuria ya supu. Nyekundu, rangi ya Moscow! Nikaichunguza sana. Nikaimaliza.

Jumatano, 10 Machi
Kikao. Nilikuwa na hotuba ya kurasa saba. Nikafika ya pili, Bodnar akainuka. Akawaambia wazee wamwache jirani yake: mtu huyu hawezi kuficha hata siri ya kikohozi chake, sasa Moscow wamtume afanye nini? Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akafuta machozi, akaongeza “isipokuwa vitani” kwenye kiapo, leseni ikarudi. Nimeokoka! Ingawa naamini ukurasa wa tano ungewaliza.

Ijumaa, 12 Machi
Wateja kumi na mmoja! Wote wametumwa na Bodnar. Amewaambia foleni yake ndefu, waende kwa Dewey, vichwa vya Tuckett vinatosha watu wawili. Verna kasema huyo ni malaika.

Malaika? Nimekaa nikafikiri. Mfanyabiashara gani mwenye akili timamu humpa mshindani wateja? Kugawana sawa kwa sawa! Si ndiyo imani yenyewe ya Moscow? Machozi yale yalinihadaa. Sasa nimemnasa. Nimenunua wino mpya, natunga kiapo cha pili, kisicho na “isipokuwa” hata moja: anyang'anywe leseni kila kinyozi aliyewahi kugawana wateja na mwenzake.

Jumatatu nakipeleka barazani. Na safari hii nitaapa wa kwanza.