Marufuku ya Mavuno ya Kupishana

Wananchi wa kisiwa cha Gozo, Malta, walitangaziwa, kwa furaha kubwa, kwamba kuanzia sasa bangi yote ya majumbani ingevunwa siku moja, saa moja, chini ya uangalizi wa Idara ya Ulinganifu wa Mimea. Mkurugenzi, Mheshimiwa Melkior Sciortino, alieleza redioni kuwa mavuno ya kupishana yanavuruga takwimu. Leo anakata huyu, kesho anakata yule, maendeleo yatapangwaje?

Afisa Wistin Zahra wa Idara hiyo aliisikiliza hotuba hiyo jikoni kwake, peke yake, amesimama wima. Mkubwa wake angemwambia mvua ni kavu, angetoka bila mwavuli na kurudi akipiga chafya kwa utii.

Nyumba ya kwanza kukaguliwa ilikuwa ya Bi Filumena Xerri, kijijini Għarb. Darini palikuwa na miche minne, kama sheria inavyoruhusu: mche mama, na mitatu aliyoiotesha kwa vitawi vya mama huyo. Mmoja ulikuwa tayari kwa kisu, wa pili ulianza maua, wa tatu ndio kwanza umeshika mizizi.

"Hawa si ndugu?" Wistin aliuliza.

"Damu moja. Wote nimewakata kwa mama yao."

"Mbona hawalingani?"

"Sikuwakata siku moja, mwanangu. Huyu akivunwa, yule anakaribia. Ċensu wangu hakosi dawa, na kabatini hazizidi gramu hamsini za sheria."

Ċensu, mumewe, aliketi kivulini, miguu imemkakamaa kama kuni. Bila kijiko chake cha mafuta ya bangi hakupata usingizi. Na asipolala aliimba nyimbo za kanisa, kwa hiyo mtaa mzima ulikesha naye.

"Kanuni iko wazi," alisema Wistin. "Mkubwa amsubiri mdogo."

"Mkubwa akisubiri anaoza."

"Basi mdogo afanye haraka."

"Mwambie mwenyewe. Si huyo hapo?"

Wistin akachuchumaa, akausomea mche mdogo waraka wote, pamoja na viambatisho. Ċensu akavua kofia kwa heshima.

"Sasa niambie," Filumena akasema, "nikikata yote kwa mpigo, hamsini zitapita. Utanifunga?"

Hilo Wistin hakuwa amelifikiria. Alimpigia simu Mkurugenzi, naye akatoa uamuzi papo hapo: ziada yote ya kisiwa iletwe ofisini, ikabidhiwe kwake binafsi, kwa jina lake. Hakutaka wizara ije kujidai kwa jasho lake.

Siku ya mavuno kengele zililia, na Gozo nzima ikashika makasi. Filumena alikata hata kile kichanga, kisichofaa kitu, huku akikiomba radhi. Bangi ilipokauka, watu walijipanga mlangoni kwa Mheshimiwa na foronya, vikapu vya mikate, hata beseni la kubatizia mtoto. Ofisi ilijaa mpaka dirishani. Mheshimiwa alihamishia meza yake ukumbini, akapigwa picha akiwa ameegemea ushindi wake.

Kabati la Filumena liliishiwa kabla vitawi vipya havijakomaa. Ċensu akaanza kuimba. Majirani walivumilia zaburi. Kwenye litania ndefu ya watakatifu walishindwa, wakamsindikiza Filumena mjini.

"Naomba kidogo katika ile yangu," alimwambia Mkurugenzi. "Mzee halali."

"Mama, kukupa mimi ni kusambaza. Sheria hairuhusu. Mwambie avumilie kizalendo."

"Anavumilia. Sisi ndio hatuwezi."

Mheshimiwa akacheka. Wistin, aliyekuwa mlangoni, hakucheka. Aliutazama mkono wa yule mama uliokuwa ukisokota ncha ya shali, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akauliza swali.

"Mheshimiwa, na kukaa nayo je?"

"Kukaa nayo nini?"

"Sheria inasema mtu yeyote asizidishe gramu hamsini. Nimetafuta palipoandikwa 'isipokuwa Mkurugenzi'. Sijapaona."

"Hii ni mali ya umma, mpumbavu wewe."

"Iko kwa jina lako, Mheshimiwa. Uliagiza mwenyewe."

Wistin akapiga simu polisi, kwa lugha ya staha kabisa. Sajini alifika, akafungua mlango wa ofisi, mzigo ukamporomokea mpaka magotini.

Mheshimiwa alilegea. "Sajini, sisi ni watu wazima. Nipe nafasi niitoe kidogo kidogo. Leo kiasi, wiki ijayo kiasi..."

Sajini alimgeukia Wistin.

"Hiyo ni kupishana," alisema Wistin kwa masikitiko. "Imepigwa marufuku. Lazima itoke yote siku moja, saa moja."

Ikatoka yote, na Mheshimiwa juu yake. Wistin alimfungulia mlango wa gari la polisi, akampigia saluti ndefu ajabu huku amefumba macho, akiupa kisogo ukumbi ambako Filumena alikuwa akijaza mkoba wake kwa iliyomwagika sakafuni, gramu hamsini za kukisia, bila haraka.