Programu Isiyojua Kwao

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Siku njema kwangu! Mama Evelina, meneja wa kiwanda cha samaki, ametangaza shindano la watu wawili: mimi na Byabato. Kila mmoja aandike programu ya kuonyesha bei ya sangara, ili itangazwe getini kwa wavuvi wanaoleta mzigo. Lazima iitwe "bei", karani asibabaike. Lazima ifanye kazi kwenye kompyuta yoyote ya kiwanda bila kurekebishwa. Ijumaa atachagua. Mshindi anapewa kazi, na chumba chenye feni.

Nikishindwa (sishindwi) nahamia Nyamalimi, ng'ambo ya ziwa, nilikopangiwa kufundisha hesabu. Dorotea, mke wangu, ameshasema yeye na duka lake la khanga hawatoki Igoma. Nampenda Dorotea. Kwa hiyo nitashinda.

Byabato kanipa shikamoo mbele ya watu. Tumezaliwa mwaka mmoja! Nimeitikia marahaba kwa sauti nzito na kumtakia masomo mema.

Programu yangu iko tayari tangu jana. Bei zenyewe zimo kwenye faili dogo lililo kando yake, katika folda moja. Programu ikianza, inakwenda kulisoma. Itajuaje folda iko wapi? Rahisi. Nimeiandikia humo humo ndani: diski C, folda MASALU. Haiwezi kupotea.

Jumanne, 8 Agosti

Imepotea.

Leo Nane Nane, wenzangu wako kwenye maonyesho wanatazama ng'ombe. Mimi kiwandani na disketi yangu. Getruda, karani, akaiweka programu kwenye diski D, eti C imejaa. Programu ikaenda C, ikakuta hamna kitu, ikakata tamaa. Nimemwambia Getruda kosa ni lake. Amesema ile mashine kubwa mpya iliyotoka Ulaya haina C wala D kabisa, sasa hapo kosa litakuwa la nani. Mjeuri sana huyu dada.

Byabato alikuwepo. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Alisema kwa upole:

"Masalu, programu haijui kwao. Iulize mashine inayoiendesha. Kila aina ya mashine ina mlango wake wa kuulizia, kwa hiyo andika swali kwa kila aina."

Kuuliza! Mimi ni mwanaume wa Kisukuma. Sijauliza njia tangu nizaliwe. Siwezi kuzaa programu ya kuulizauliza.

Alhamisi, 10 Agosti

Nilipata dawa. Faili litafutwe palepale alipo karani, kwenye folda aliyoifungua wakati huo. Nani atakaa folda nyingine huku anaita programu yangu?

Getruda.

Kumbe ni mweka hazina wa kwaya. Alikuwa kwenye folda ya kwaya, na humo ana faili lake, nalo linaitwa bei kama langu: bei ya vitenge vya sare. Programu yangu ikalisoma bila wasiwasi. Ubaoni getini wakaandika kilo ya sangara kwa bei ya kitenge cha waksi. Wavuvi wakashangilia! Mzee Ng'washi, mwenye mitumbwi kadhaa, alinikumbatia akaniita mwanangu. Bei ilipofutwa akanitoa kwenye ukoo.

Mama Evelina amesema kesho ndiyo mwisho. Dorotea ameuliza kwa nini nisimwendee Byabato anionyeshe swali lenyewe linaandikwaje. Nimemsifia ugali.

Ijumaa, 11 Agosti, asubuhi

Sasa nimeiweza. Mashine inapoita programu, huitajia jina iliyoitwa nalo. Kwenye kompyuta yangu jina linakuja na anwani nzima, kuanzia diski mpaka folda. Programu inasikia, inajua iko wapi. Sijauliza mtu!

Na jina likija tupu, bila anwani? Nimeliwaza hilo pia. Nimeifundisha ipite kwenye zile folda ambamo mashine huweka programu zake, moja baada ya nyingine. Itakapokuta "bei", hapo ndipo kwake.

Nimepitia kwa mchora vibao. Ananiandikia jina langu kwa rangi nyekundu, la kubandika mlangoni.

Ijumaa, jioni

Nataka kueleza kwa utulivu.

Kwenye kompyuta ndogo zote programu ilikwenda vizuri sana. Nilianza kuitazama feni kwa jicho la mwenye mali. Ikaja zamu ya mashine ya Ulaya. Getruda akaichagua programu yangu kwenye orodha, na mashine ikaiita kwa jina tupu: bei. Sikutetereka. Ikaanza kupita folda moja moja kama nilivyoifundisha. Ikaikuta "bei". Ikatulia hapo.

Ilikuwa ya Byabato. Aliiweka tangu Jumatano, katika folda inayopitiwa kabla ya yangu.

Yangu ikachukua faili lake la bei lililokuwa kando, na kioo kizima kikajaa maandishi: KARIBU, KAZI YA ELIAS BYABATO.

Mama Evelina aliyasoma mara mbili, akavua miwani.

"Mwalimu," alisema, "hata programu yako imemchagua Byabato."

Nimeumia. Siandiki zaidi. Kibao nimekilipia na kinasomeka vizuri.

Jumatatu, 14 Agosti

Dorotea amenisindikiza kivukoni. Alilia kidogo, mimi zaidi. Akanifunga kifungo cha kola na kusema neno moja tu:

"Ukifika Kamanga, uliza."

Magugu maji yalitukamata katikati ya ziwa, nikapata muda wa kutafakari. Kosa la Ijumaa nimeligundua: kiwanda kina programu nyingi mno. Shule haitakuwa na shida hiyo.

Kamanga, kivuko kilipotushusha ng'ambo, sikuuliza. Nilitembea mpaka nikaona kibao cha shule: NYAMALIMI. Nikaingia, nikapata darasa lisilo na mwalimu, nikafundisha aljebra mpaka chakula cha mchana. Watoto wadogo kidogo, lakini wasikivu. Ndipo mwalimu mkuu, bwana mmoja mpole, akataka kujua mimi ni nani. Kumbe hiyo ni shule ya msingi. Nyamalimi yangu ni ya sekondari, nyuma ya mlima, na wananingoja tangu asubuhi. Akashangaa kwa nini sikuuliza pale kivukoni. Akataka anipe mtu wa kunipeleka.

Nimemshukuru, nimekataa. Naandika haya njia panda, nimekalia sanduku, kibao changu chekundu kwapani. Kule mbele naona kibao cha shule. Sisomi vizuri kwa mbali, ila kinaanza na N.

Hapo ndipo kwangu.