Sheikh Mutlaq Apandisha Dau

Lutfi Qubaa alikuwa kwa kinyozi, povu limemjaa mashavuni, alipoiona riziki ikipita kwenye simu yake. Katika kundi la mnada wa njiwa, mjane wa Jabal Nadhif aitwaye Mama Ratib alikuwa anamuuza Sukari, njiwa jike wa marehemu mumewe, maarufu Amman nzima kwa kupiga sarakasi angani.

Kuhusu njiwa, Lutfi alijua tu kwamba wana mabawa na wana wateja. Kazi yake ilikuwa minada, na aliifanya kwa adabu zote. Hujipa jina la tajiri, akapandisha dau mpaka wanunuzi wa kweli wasalimu amri, akashinda, kisha tajiri akayeyuka bila kulipa. Watu wakianza kunong'ona kwamba mali iliyokimbiwa lazima ina kasoro, Lutfi hujitokeza kwa jina lake halisi, uso umejaa huruma, akainunua kwa bei ya kutupa. Polisi wana mambo mengi, na yeye hakuona sababu ya kuwaongezea.

Siku hiyo alijiita Sheikh Mutlaq wa Kuwait. Kinyozi alipomaliza kumfuta povu, Sheikh alikuwa ameshinda kwa dinari mia tisa, na dalali wa kundi alikuwa anamwombea umri mrefu. Maskini Sheikh hakuishi hata mpaka adhuhuri.

Wiki haikuisha, Lutfi akapanda ngazi mpaka kwenye paa la Mama Ratib.

"Pole sana, mama. Watu siku hizi hawana haya."

"Hawana hata chembe," alisema Mama Ratib, akiendelea kuwamwagia njiwa ngano. "Sasa wanasema ndege wangu mgonjwa. Huyu Sukari, mwenye makinda mle ndani yaliyonenepa kama mawaziri."

"Mimi nitamchukua hivyo hivyo. Mia tatu, nakuletea mwisho wa mwezi."

"Ahadi nimeshiba, mwanangu. Nipe kitu cha kushika mkononi."

Lutfi alipiga hesabu. Abu Hazim wa Irbid, mwehu wa njiwa, alikuwa amekwisha kumwambia kwamba atatoa mia saba kwa Sukari. Na nyumbani, ndani ya kasha la mkewe Siham, ilikuwamo bangili ya dhahabu ya harusi yao. Siham alikuwa kwa mama yake Zarqa, akijiandaa kwa harusi ya kaka yake Alhamisi, na bangili hiyo ndiyo angeivaa. Lutfi aliikopa bila kumsumbua mwenyewe kwa kumwambia. Akishauza njiwa, ataikomboa na kuirudisha kashani, na faida juu.

Mama Ratib aliing'ata bangili, akaivaa, akamkabidhi tundu.

"Anapenda hewa huyu," alisema. "Usimfungie sana."

Abu Hazim alifika Jumatatu, akakataa hata kahawa.

"Sinunui njiwa wa tunduni. Mrushe nimwone. Ameshalizoea paa lako?"

"Kabisa," alisema Lutfi. "Ananiona kama baba yake."

Sukari alipaa, akapinduka na kupinduka tena, na Abu Hazim machozi yakamlengalenga kwa raha. Kisha njiwa akajinyoosha, akavuka bonde, akaenda moja kwa moja Jabal Nadhif kwenye makinda yake.

"Naona baba yake anakaa kule," alisema Abu Hazim, akachukua funguo za gari lake.

Lutfi alifika kwa Mama Ratib akihema. Sukari alikuwa bandani, analisha wanawe.

"Mama, njiwa wangu."

"Wako vipi? Njiwa akitua kwenye paa la mtu ni wa mtu huyo. Muulize mfugaji yeyote mji huu."

Akamuuliza mmoja. Akawauliza na wengine. Wote walicheka. Ndipo akaenda kwa mukhtar wa mtaa, mzee Abu Jiryis, mwenye kusuluhisha ugomvi.

"Una shahidi kwamba ulimnunua?"

"Abu Hazim wa Irbid. Alimwona kwangu."

"Mfuga njiwa?" Mzee alitikisa kichwa. "Kila siku anaapa kwamba ndege wa jirani ni wake. Ushahidi wa mfuga njiwa haupokelewi hapa, tangu enzi za babu zetu."

"Basi nitaapa mimi mwenyewe. Nina njiwa, lakini simo katika uhuni wao."

"Una njiwa?"

"Ndiyo, huyo Sukari."

"Basi na wewe ni mfuga njiwa," alisema mukhtar. "Ushahidi wako haupokelewi."

Jumatano jioni Siham alirudi, akafungua kasha, akafunga, akafungua tena. Lutfi akasema huenda bangili iko kwa sonara inang'arishwa. Hapo simu ikalia. Kundi la mnada lilikuwa limefungua mnada mpya: bangili ya dhahabu, mali ya Mama Ratib.

Lutfi aliandika mia tatu harakaharaka. Mtu akaandika mia nne. Akaandika mia tano. Jibu likaja papo hapo: mia sita, Sheikh Mutlaq wa Kuwait.

Lutfi alilisoma jina hilo tena. Huyo mtu hayupo duniani. Alimzaa yeye mwenyewe kwenye kiti cha kinyozi. Lakini angewaambia nini watu wa kundi? Wakimuuliza amejuaje? Na Mama Ratib, aliyekwisha kung'amua kwamba Sheikh na Lutfi ni mtu mmoja, alikuwa ameketi juu ya paa lake na simu ya pili mkononi, amestarehe, akiandika kwa jina la Sheikh.

Siham aliinama juu ya bega la mumewe, akaikodolea macho picha ya bangili.

"Lutfi," alisema polepole, "ile alama aliyoing'ata mwanetu alipokuwa anaota meno imefikaje kwenye bangili ya watu?"

Lutfi alitaka kuizima simu, Siham akamshika mkono.

"Ongeza," alisema Siham, akivuta kiti. "Na huyo Sheikh asikushinde."