Idara ya Kuwasaidia Wanafunzi Wageni

Watu wote wa Kasongo, katika Kongo ya Wabelgiji, wanaosikia na wasiosikia, walikusanywa mbele ya bendera asubuhi moja ya mwaka 1956, wakatangaziwa kwamba tangu siku hiyo shida za wageni zimekwisha. Tarumbeta ilipigwa. Bwana Administrata, Mzungu mkuu wa wilaya, aliyekuwa ametimiza miaka tisa katika nchi hii bila kuizoea, alisoma kwa Kifaransa habari ndefu ya kuundwa kwa Idara ya Kuwasaidia Wanafunzi Wageni Katika Mambo ya Kila Siku. Karani Zéphirin akaifasiri kwa ufupi: vijana wawili wa Kizungu wanakuja kujifunza kilimo cha mpunga na pamba, na Serikali itawasaidia. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa polisi walikuwa wameshaanza kupiga.

Mpango wenyewe uliitwa wa kubadilishana. Ubelgiji italeta wanafunzi wawili, Kasongo itapeleka wawili. Wale wa Ubelgiji walikuwa wameshapanda meli. Wale wa Kasongo walikuwa bado wanatafutiwa makoti, maana huko kuna baridi, na Serikali haikutaka haraka katika jambo la afya.

Zéphirin aliteuliwa Katibu Mkuu wa Idara. Chini yake hapakuwa na mtu, lakini hakuona kwamba hiyo ni sababu ya kukipunguza cheo. Jioni alimwarifu mkewe, Anastasie, kwamba mtu wa daraja lake sasa anapaswa kusalimiwa kwa utaratibu. Anastasie alitaka kujua kama mtu wa daraja hilo atapewa baiskeli. Akajibiwa kwamba baiskeli iko katika mafikirio.

Wanafunzi, Lieven na Joris, walishuka kutoka kwenye lori la Kindu wakiwa wekundu kama matofali yaliyotoka tanuruni. Zéphirin aliwakaribisha kwa kuwasomea kanuni. Hawataenda sokoni mpaka wawe wamelizoea soko. Hawatasemeshwa Kiswahili mpaka watakapokijua, wasije wakachanganyikiwa. Mpishi ataajiriwa mara watakapoeleza ni chakula gani cha hapa kinachowafaa. Na kwa kuwa Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana mtaa wa Wazungu baada ya giza kuingia, shida zao zote zilitakiwa kutokea mchana.

Lieven, kijana mrefu mwenye adabu, akauliza watakula nini. Zéphirin akamwonyesha sanduku la nyama ya kopo. Kifungulio cha makopo kilikuwa kimeagizwa Bukavu. Kila asubuhi baada ya hapo Katibu Mkuu alipita kuwapa habari za kifungulio, na habari zilikuwa nzuri: kilikuwa njiani. Joris alivunja kisu juu ya kopo la kwanza. Baadaye watumishi wa nyumba za jirani waliwakuta wawili hao nyuma ya nyumba wanang'oa mhogo mchungu ili wautafune mbichi, wakawanyang'anya kabla haujawaua.

Habari hiyo ilimfikia Anastasie akiwa jikoni.

"Baba Régina, wale watoto wamekula?"

"Chakula haiko mu kazi ya biro yangu," Zéphirin akasema. "Mimi niko kwa ajili ya shida zao."

"Njaa si shida?"

Zéphirin akafikiri kwa makini. Akakubali kwamba njaa ni shida, ila ni shida ya chakula, na biro ya chakula haijaundwa. Anastasie hakungoja iundwe. Alichukua bugali, sombe ya majani ya mhogo na samaki wa Nyangwe, akaenda nao mwenyewe. Vijana walikula mpaka wakashindwa kusimama. Tangu siku hiyo akawa anawapelekea, na kwa kuwa yeye hakuwa mtumishi wa Serikali, ile kanuni ya lugha haikumhusu. Aliwasemesha Kiswahili kutwa nzima, akawakosoa, akawacheka, nao wakaanza kujibu. Aliwapitisha sokoni kubeba kikapu. Kazini Zéphirin aliandika kwamba wanafunzi wanaendelea vizuri kwa juhudi za Idara.

Kisha Joris akashikwa na homa. Daktari alikuwa safarini kupima watu ugonjwa wa malale. Vyandarua na dawa za Idara vilikuwa ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa Bwana Administrata, aliyekuwa amekwenda Salamabila kukagua machimbo ya dhahabu. Zéphirin alisimama kando ya kitanda akimtazama kijana anavyotetemeka, huku jua linashuka na kengele ya kuwaondoa Waafrika mtaani inalia. Anastasie akaingia na blanketi.

"Tumubebe. Atalala kwetu."

"Muzungu kulala kwetu? Ile ni gereza, Mama Régina."

"Akikufa hapa ni gereza vilevile," akasema Anastasie. "Na mutoto ya mutu atakuwa amekufa."

Zéphirin alikuwa mwoga, na alijua kwamba ni mwoga. Lakini alishika upande wa kichwa, Lieven akashika miguu, wakapita barabara kuu watu wanatazama. Njiani alitafuta namna ya kulieleza jambo hilo, na walipofika mlangoni alikuwa ameipata: nyumba yake ni tawi la Idara. Anastasie akammezesha Joris vidonge vya kwinini alivyokuwa amemwekea binti yao Régina. Zéphirin alikaa akimpepea mgonjwa mpaka kulipokucha, na hakuvua kofia, kwa kuwa alikuwa kazini. Homa iliposhuka, alitoka nje akalia kidogo nyuma ya jiko, akarudi, akatundika ubao wa TAWI.

Bwana Administrata aliporudi na kuuona ubao ule, alifoka kwa Kifaransa. Angemfunga Zéphirin siku ileile, lakini mezani palikuwa na habari kubwa zaidi: Mkaguzi anatoka Leopoldville, naye atawaona wanafunzi njiani mwake, huko Kabambare. Bwana Administrata alitaka Idara ipewe jengo na gari. Akamweleza Zéphirin kwamba Idara inaishi kwa shida za wale vijana, kwa hiyo mbele ya Mkaguzi lazima waonekane hawajiwezi. Wakionekana wamezoea, karani ataozea gerezani kwa kosa la kulaza Mzungu mtaani kwake. Wasipoonekana hivyo, tutaona.

Zéphirin akasema, "Ndiyo, Bwana." Vijana hakuwaambia neno. Njia nzima ya Kabambare, lori likikwama na kusukumwa, aliwatazama wakiimba na wasukumaji akaona gereza linakaribia.

Walifika siku ya soko. Mkaguzi alikuwa mzee mkavu asiyecheka, mpenda utaratibu. Bwana Administrata akamweleza kwa huzuni kwamba vijana hawa, masikini, hawawezi hata kununua yai. Mkaguzi akasema basi wanunue yai, tuone.

Lieven akaenda kwa Safi, mama mwuza mayai. Alimsalimia kwa jambo, akauliza habari za nyumbani, akaulizwa za kwake, akalalamikia bei. Safi akakataa, Lieven akaondoka, akaitwa arudi. Joris naye alimwaga salamu ya Kibangubangu aliyokuwa amefundishwa na wasukuma lori, na soko lote likacheka. Wakarudi na mayai kwenye kofia, pamoja na moja la nyongeza.

Bwana Administrata akasema kwa hasira kwamba hilo si kitu, yai ni jambo ambalo yeyote angeliweza.

"Vizuri," akasema Mkaguzi. "Ulete na wewe."

Basi Bwana Administrata akainyoosha kofia yake, akaingia sokoni. Kwa miaka yake yote alikuwa amekusanya maneno matatu ya Kiswahili: leta, toka, na kodi. Akachagua lile lililofaa zaidi kwa mayai. "Leta," akasema, kwa sauti yake ya siku zote.

Mara ya mwisho aliposema hivyo pale, watu kadhaa waliondoka wamefungwa kamba. Safi alibeba kikapu na mtoto wake kwa mkono mmoja, akakimbia. Wauza samaki wakapita kwenye mihogo, wauza mawese wakaruka ua. Kufumba na kufumbua soko likawa wazi kama uwanja. Alibaki mzee Bulaimu tu, ambaye goti lake halikumruhusu kukimbia, ameinua stakabadhi yake ya kodi juu kwa mikono miwili, anasema kitu.

Mkaguzi akamgeukia karani. "Anasema nini?"

Bwana Administrata alikuwa anamtazama Zéphirin, na macho yake yalisema gereza. Zéphirin akavua kofia, akaivaa tena.

"Anasema amelipa, Bwana. Anaomba asifungwe."

Mkaguzi akamtazama mzee, kisha Bwana Administrata. Akauliza ni nani kati ya wageni hawa watatu anayehitaji msaada wa Idara.

"Idara yangu inasaidia wageni wote bila kubagua," Zéphirin akasema. "Wa tatu hatujampokea, kwa sababu hakuomba."

Mkaguzi aliona jibu hilo ni sahihi kiutaratibu. Papo hapo akaamua kwamba Idara iendelee, Bwana Administrata aandikishwe kuwa mwanafunzi wake, Lieven na Joris wamfundishe, na asisaini jambo lolote linalohusu raia mpaka Katibu Mkuu athibitishe kwamba amejua kununua yai. Kesi ya tawi ilifutwa, maana haikuwezekana mwanafunzi amhukumu mkuu wake.

Wiki iliyofuata, soko la Kasongo lilimwona Bwana Administrata nyuma ya Anastasie, kikapu mkononi. Safari hii hawakukimbia. Anastasie alikuwa ametangulia kuwatuliza. Bwana Administrata akasimama mbele ya Cécilia, mwuza mayai, akamsalimia kwa jambo. Cécilia akamwuliza habari za nyumbani, akajibu. Akamwuliza za mama yake, yuko mzima huko Ulaya, anakula, analala? Hilo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza, akajibu polepole, jasho linamtoka. Mwisho akaomba mayai, kwa maneno kamili.

Cécilia akakifunika kikapu chake kilichojaa.

"Mayai imekwisha, Bwana," akasema kwa upole. "Urudie kesho."

Bwana Administrata akashukuru, kama alivyofundishwa, akaenda, na siku hiyo pia hakusaini kitu.