Bustani ya Majini ya Mzee Muhire

Sangwa alikuwa kwenye ukumbi wa hoteli moja ya Kiyovu, Kigali, akinywa chai ya mkutano ambao hakualikwa, alipoiona riziki yake imesimama mbele ya tangi la samaki.

Riziki hiyo ilikuwa na kitambi, kofia ya pama na fimbo ya mfugaji. Aliitwa Mzee Muhire, mstaafu wa serikali aliyekulia Uganda, mwenye nyumba kubwa mtaa uleule na ng'ombe huko Nyagatare. Ndani ya kioo kulikuwa na dunia nzima: mawe yaliyopangwa yakawa milima, kisiki kilichopinda, majani mabichi yaliyotandazwa hadi ukingoni, na samaki wadogo wekundu wakipita juu yake. Wageni walipiga picha. Mzee alilitazama lile tangi kwa wivu ambao hakujaribu hata kuuficha.

Sangwa akaweka kikombe chini, akajisogeza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba!" Mzee akachangamka. Kigali nzima ni watu wachache wanaomwamkia mtu hivyo, na Sangwa, aliyelelewa Bukoba, alijua vizuri thamani ya shikamoo.

"Naona umeipenda kazi ya mikono yangu," alisema Sangwa, ambaye mikono yake ilikuwa haijawahi kugusa samaki asiyekaangwa.

"Kumbe ni wewe? Hii majani iko ya kweli?"

"Ya kweli kabisa. Hii ni bustani ya majini, mzee. Wajapani wanaipanga kwa heshima kama watu wanaosali. Ona lile jiwe kubwa. Halikai katikati hata siku moja."

"Kwa nini?"

"Mkubwa akikaa katikati, wadogo watapita wapi?"

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana yeye mwenyewe alikuwa mkubwa. "Nataka yangu, na iwe kubwa kushinda hii. Mwezi ujao watu wanakuja kuposa binti yangu, Belyse. Nataka wakiingia wasahau kufunga mdomo."

"Hakuna shida, mzee. Tunaanza na malipo ya awali kidogo..."

"Sha, kitu sijaona nalipa namna gani? Wewe fanya. Watu wakishaona, nitakupa mbele ya wote."

Sangwa akakubali. Hapa inabidi tuseme ukweli kuhusu elimu yake. Alikuwa ametazama video za mafundi usiku na mchana, akajifunza kwamba mimea halisi ya majini hushukia Kanombe kwa ndege na bei yake inatoa machozi. Tena tangi lenyewe hukaa na maji wiki nyingi kabla ya kutiwa samaki. Lakini alijifunza na jambo lingine lililomfurahisha zaidi: mmea wa nchi kavu ukizamishwa, hubaki kijani wiki mbili tatu kabla haujatambua kwamba umekufa. Kwake yeye muda huo ulitosha. Angelipwa siku ya posa, na harufu ingeanza yeye yuko Kampala anakula ndizi.

Basi akauza pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, akanunua kioo, taa na samaki. Hivyo havikuwa na njia ya mkato. Vingine vyote vilikuwa nayo. Mawe aliyaokota kando ya mto, kisiki akakichagua kwa muuza kuni wa Nyabugogo, majani mapana akayakata kwenye vyungu vya ofisi moja wakati mlinzi amekwenda kula. Zulia la kijani ndilo lilikuwa rahisi kuliko yote: pasiparumu, ile nyasi inayopandwa mbele ya kila nyumba yenye geti Kigali. Aliibandua kwenye kingo za barabara za Kiyovu, akaiosha, akaipanda kwa kibano uzi kwa uzi.

Na lazima tumpe haki yake, ilipendeza. Jiwe kubwa lilikaa pembeni, kisiki kikainama juu yake, nyasi ikapanda kilima hadi nyuma. Mama Illuminée, mke wa Mzee, alijishika mashavu.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Ni milima ya Virunga ndani ya sebule yangu!"

Mzee Muhire aliinama, akatia vidole majini, akachomoa unyasi mmoja na kuutafuna polepole. Wafugaji ndivyo walivyo.

"Hii inatoka wapi?"

"Singapuri, mzee."

"Eeh," alisema Mzee, akiendelea kutafuna. "Singapuri iko na nyasi nzuri."

Siku ya posa ilifika. Wakwe waliingia na kweli wakasahau kufunga midomo. Sangwa alisimama kando ya tangi ndani ya suti ya kuazima. Begi lake lilikuwa limeshatangulia Nyabugogo, kwenye stendi ya mabasi, kwa rafiki, na tiketi ya basi la Kampala ilikuwa mfukoni. Kilichobaki ni bahasha tu.

Mzee Muhire akanyanyuka, akainua fimbo.

"Mnaona hii bustani? Ni huyu kijana amefanya. Sasa mtu kama huyu nitamlipa makaratasi? Hapana! Nampa ng'ombe!"

Sebule ikalipuka kwa makofi na vigelegele. Sangwa alihisi moyo wake umegawanyika. Mtu akishapewa ng'ombe hadharani haulizi habari ya bahasha. Kuuliza ni kumtukana mtoaji na ukoo wake. Lakini papo hapo akapiga hesabu. Ng'ombe wa Mzee, zile pembe ndefu! Mmoja alikuwa na thamani kuliko bahasha mbili, kuliko pikipiki yake na ya jirani. Furaha ikampanda. Akainua mikono juu kama pembe, akaruka katikati ya watu akipaza sauti, "Muhire yampaye inka! Yampaye inka! Amenipa ng'ombe!"

Kagabo, msemaji wa upande wa wakwe, alimshika bega. "Kijana, unajua desturi? Utakuja gukura ubwatsi, yaani kutoa nyasi. Unaleta vinywaji, unamshukuru aliyekupa, ndipo unaoneshwa ng'ombe."

"Jumapili ijayo," akasema Mzee. "Nitaita rafiki zangu."

Jumapili ijayo nyasi ingekuwa bado ya kijani. Sangwa akaenda kuiuza tiketi, akaongeza na akiba yote ya safari, akafika na makreti ya bia. Rafiki zake Mzee walikuwa wengi na walikuwa na kiu. Walimsifu hadi chupa ya mwisho.

"Na ng'ombe, mzee?"

"Iko. Usiwe na haraka, nitakupigia simu."

Sangwa akasubiri. Hakuthubutu kuondoka mjini, maana nani anakimbia akiwa na ng'ombe? Simu ilipolia hatimaye, aliipokea kabla mlio haujaisha.

"Njoo," alisema Mzee Muhire. "Bustani inanuka."

Alikwenda. Mama Illuminée alikuwa amefungua madirisha yote na kujifunga kitenge puani. Pasiparumu ilikuwa imegeuka ute wa kahawia, na samaki walikuwa wamehamishiwa kwenye beseni la kufulia, wazima, wakimtazama. Mzee alikuwa ameketi kitini na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Sangwa kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Toa hii uchafu yote. Mtu nimempa ng'ombe hawezi kuniacha na harufu."

Sangwa akakunja mikono ya shati, akaanza kung'oa. Alitamani kulia. Baada ya muda mrefu akajikaza, akauliza, "Mzee, samahani. Ng'ombe wangu yuko wapi?"

"Iko ndani ya tumbo ya mama yake."

"Na mama yake?"

"Mama yake bado sijanunua," alisema Mzee Muhire kwa upole. "Nitamnunua siku nyasi ya barabara yetu itaota ndani ya maji."