Idara ya Kuelekeza Hasira

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba Manispaa ya Dolni Kamik imevuka lengo la mwaka: wananchi asilimia tisini na tatu wana hasira, na hasira hiyo imeelekezwa panapotakiwa. Kiwanda cha pampu kimefungwa, vijana wako Uhispania wanachuma matunda, shule ina watoto sita. Hasira ndiyo bidhaa pekee tunayozalisha bado, na malighafi ni tele. Mimi, Spiridon Genchev, ndiye mkuu wa Idara.

Mwasisi wetu ni mbunge, Mheshimiwa Rangel Kutsarov wa Chama cha Mlango Uliofungwa. Ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa mwisho wa kiwanda, akauza mashine kama vyuma chakavu. Kila mtu anajua, na bado wanampigia kura. Wanasiasa wengine walituambia tuwe na subira. Yeye peke yake alikuja akasema tumeibiwa. Na kweli tumeibiwa! Jina la mwizi ni suala la kitaalamu, na hapo ndipo Idara inapoingia.

Jumatatu moja akaingia Bibi Tsona, na fimbo yake.

"Nina hasira," akasema.

"Umefika penyewe, bibi. Hasira na nani?"

"Na basi! Mmelifuta tangu Februari. Mwanangu, mimi nasafishwa figo hospitali ya mkoa mara tatu kwa wiki. Jirani aliyekuwa akinipeleka naye kahamia Ujerumani. Nikikosa wiki moja, mnizike."

"Naandika: basi limechukuliwa na watu wa kuja."

"Watu wa kuja gani? Hapa hata mbwa wamehama!"

"Ndiyo hila yao, bibi. Hawaonekani."

"Loo! Wamejaa basi zima na hawaonekani?"

Nikamsomea Waraka Namba Saba, ulioandikwa kwa mkono wa Mheshimiwa mwenyewe. Mtu wa kuja ni yeyote asiyelala mjini, ambaye amechukua mali ya mji. Akitambuliwa mbele ya mashahidi, gari lake likamatwe mara moja kwa matumizi ya wananchi. Bibi Tsona akaomba nakala, akaikunja, akaitia kifuani. Nilifurahi, maana raia wanaosoma nyaraka ni wachache.

Jumamosi Mheshimiwa akaja kuzindua lango la kuwazuia watu wa kuja, lililojengwa kwa fungu lililokuwa la basi. Alikuja na gari jeupe la viti tisa. Kwetu mtu mkubwa kutoka mbali hupokewa kwa mkate na chumvi, na kwa kuwa hakuna anayemshinda Bibi Tsona kwa kuoka, nilimpa yeye kazi hiyo. Mheshimiwa akamega, akachovya, akatafuna huku akiitazama kamera.

"Mkate mtamu kweli, bibi!"

"Ahsante. Jana umelala wapi?"

"Mji mkuu, Sofia. Kazi nyingi mno."

"Na mashine za kiwanda ziko wapi?"

Mheshimiwa akameza. "Bibi, leo ni siku ya furaha."

"Nakuona una furaha. Mtu wa hapa mimi simpokei kwa mkate na chumvi. Namwuliza kama amekula, basi. Wewe umepokewa, ukapokeleka. Spiridon, soma waraka."

Ningefanya nini? Waraka ulikuwa na sahihi yake na muhuri wangu. Nikausoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Mwanzoni watu walicheka. Nilipofika kifungu cha gari, kicheko kikakoma, wakaanza kusogea. Nakiri niliogopa, lakini nilifika mwisho.

Wa kwanza kutii sheria alikuwa dereva wa Mheshimiwa, Veselin, ambaye zamani alikuwa fundi wa kiwanda chetu. Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akamshika bibi mkono.

"Panda, mama. Shika hapo usiteleze."

"Genchev!" Mheshimiwa akafoka, makombo yakiwa bado midomoni. "Hawa wamerukwa na akili! Fanya kitu!"

Nikafanya. Nikapiga muhuri: gari limekamatwa.

Bibi Tsona akapanda, na wagonjwa wenzake wawili wakamfuata. Mheshimiwa akauliza atarudije Sofia. Nikamwonyesha kituo cha basi, ng'ambo ya lango lake.

Veselin akawasha gari, kisha akageuka nyuma. "Mbona watatu tu? Juzi niliwapigia simu hospitali, wakaniambia kutoka hapa ni watano."

"Tulikuwa watano," Bibi Tsona akasema. Akashusha kioo, akamtazama Mheshimiwa aliyesimama na mkate wake mkononi. "Ukifika kituoni, soma ubao. Ratiba huikuti, imebandikwa juu yake matangazo ya vifo, yenye picha. Penka ni huyo mwenye kilemba cha maua. Gavril ni yule anayecheka."